Maji ya Mara Tatu

Leo ziwa, hapa Usoma, limevaa kijani.
Si kijani cha sukuma, si cha nyasi za mvua:
ni rangi iliyomwagika sakafuni
fundi akaiacha, akaenda kunywa chai.
Upepo waisukuma hadi mawe ya kufulia,
yaganda, yatoa povu, yanuka
kama sanduku lililofungiwa shati bichi.

Wilkista ananifunulia sufuria.
"Nimechemsha mara tatu," asema.
"Moja ya kipindupindu,
moja ya homa ya matumbo,
na moja ya heshima yako, mtu wa maabara."

Nami nimebeba chupa ishirini na nne,
kila moja na mahali pake, na saa yake,
na tarakimu niliyopewa na mashine jana usiku
ambayo bado naizungusha mdomoni
kama mwiba wa samaki mbele ya wageni.

Nitaanzaje?
Kwamba sumu hii haiogopi moto.
Kwamba kidudu chenyewe hufa, naam, jikoni,
lakini kikifa hupasuka
na wosia wake hubaki majini,
hauna rangi, hauna harufu, hauna haraka.

Bilha, bintiye, huokota kome kwenye matope
akawapondea bata.
Kome hana ugomvi na mtu.
Hufungua mlango, akalinywa ziwa kutwa kucha,
akaweka, akaweka,
mtunza hazina asiyejua anachotunza.
Bata wawili walilala Jumanne.
Wilkista alimlaumu mbwa wa jirani.

Na ini la mbuta,
lile laini, linaloyeyuka kabla ya ugali,
humwekea Bilha pembeni mwa sahani.
Sumu nayo, kati ya viungo vyote,
imechagua ini.

Nikasema. Nilisema vibaya,
kwa maneno ya karatasi, nikikohoa katikati.
Hakulia. Alitazama moto
jinsi unavyomtazama mdeni
uliyemwamini miaka mingi.
"Kwa hiyo kuni zangu zote?"

Akainua sufuria, akamwaga uani.
Maji hayakusita: yalishika mteremko,
yakapita chini ya kamba ya nguo,
yakarudi yalikotoka.

Mwenye mkokoteni huuza mtungi shilingi hamsini
na hasemi alikoteka.

Kisha Wilkista akaisuuza sufuria,
mara moja, mara mbili, mara tatu.
Kwa maji gani, sikuuliza.