Mengineyo

Jiji limenipa fomu mia mbili, kalamu tatu,
kizibao cha manjano chenye nembo mgongoni
na maneno ya kusema mlangoni:
Tunaandaa mpango wa tabianchi.
Je, una dakika kumi?

Hakuna mtu Ostrava mwenye dakika kumi mwezi wa Novemba.
Wana saa mbili, au wana mnyororo wa mlango.

Nyuma ya mnyororo, jicho moja na nusu ya sharubu:
"Mara ya mwisho mlileta biskuti.
Mkauliza miti tuipande wapi, tukawaonyesha.
Biskuti tulikula.
Miti bado tunaisubiri."
Mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu,
na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma.

Mzee Květoslav alinikaribisha jikoni.
Miaka ishirini na sita chini ya ardhi, akichimba makaa.
Swali la nne: hewa ya mtaani kwako
unaipa alama ngapi, moja hadi tano?
Alicheka, cheko likageuka kikohozi,
kikohozi kikachukua muda wake, hakina haraka,
kinalipwa pensheni pamoja naye.
"Andika hicho," akasema.
Niliandika mbili.
Akaisoma kichwa chini, ng'ambo ya meza.
"Siku hizi, sawa, mbili. Zamani ilikuwa moja.
Lakini moja ile ilikuwa na mshahara."

Ghorofa ya tano, lifti mbovu.
Žaneta ana mtoto begani na mwingine gotini.
Swali la saba: je, uko tayari kubadilisha madirisha
ili kupunguza upotevu wa joto?
Alinitazama kama mtu anayetazama basi lisilo lake.
"Dirisha ni la mwenye nyumba.
Ukungu wa ukutani, huo ndio wangu.
Una swali kuhusu ukungu?"
Nikapekua. Ukurasa wa pili, wa tatu.
Kulikuwa na swali kuhusu baiskeli.

Nikashuka mpaka chini, kwa Bi Vlasta,
mto ukisikika nyuma ya ukuta wake kama jirani asiyelala.
Umewahi kuathiriwa na mafuriko? Ndiyo. Hapana.
Hakujibu. Alinishika mkono wa kizibao
akanipeleka kwenye mwimo wa mlango wa chumbani.
Alama za penseli: Radka, miaka mitano. Radka, sita. Radka, nane.
Radka, tisa.
Na juu ya Radka wa miaka tisa, vidole vinne,
mstari mwingine, mwandiko uleule,
kana kwamba kuna mtoto wa pili:
Maji, Julai, tisini na saba.
"Mwaka ule yalimpita," akasema.
"Mwaka uliofuata akayapita yeye.
Sasa yuko Brno, anauza miwani.
Mafundi wamepaka nyumba hii rangi mara tatu.
Hapa nasimama mimi na wembamba wangu, hawapiti."

Usiku, ofisini, redieta inagonga peke yake.
Kompyuta inataka nambari.
Kikohozi nimekiweka chini ya Afya.
Mwimo wa mlango, chini ya Miundombinu.
Biskuti nimezifuta, nikazirudisha, nikazifuta.
Ukungu hauna kisanduku, nikaubandika kwenye swali la baiskeli,
atakayeusoma na ashangae.

Mhandisi akataka kimo cha maji kwa sentimita.
Nikarudi kwa Bi Vlasta na futi ya kamba.
Mita moja, arobaini na moja.
"Na Radka pia mpime," akasema.
Moja, thelathini na saba.
"Andika pia kwamba alipenda cheri.
Mti ulikuwa pale. Uliondoka na matunda yake."

Mwisho wa fomu kuna neno Mengineyo
na mstari mfupi, wa watu wasio na mengi.
Nilipomaliza vipimo, tarehe, namba ya nyumba,
zilibaki nafasi kumi na nne.
Nikahesabu kwa vidole, pengo nikalihesabu pia.
Alipenda cheri.
Yakaingia yote.
Nukta ndiyo iliyobaki nje