Safu ya Ugonjwa

Rejista ya kwanza imeliwa na mchwa pembeni,
lakini safu ya ugonjwa inasomeka:
madoa ya zambarau, miguuni, kinywani,
vijana wa Kitangari, wa Mnyambe,
wengi mno kwa kurasa chache.
Mwandiko ni wa Bwana Chitanda. Kila Ijumaa
alibadilisha kalamu, na si kwamba wino umekwisha.

Kisha vidonge vikapanda mlima hadi Newala.
Madoa yakashuka mwaka hadi mwaka
kama maji ya tangi la mvua kiangazi,
na mara hiyo hakuna aliyelalamika.

Ndipo safu ya pili ikaanza kupanda.
Shingo ya kizazi: wanne, tisa, ishirini na sita.
Simu ikalia kutoka wilayani, sauti juu:
"Bi Namkuna, kuna nini huko kwenu?"
Kuna Sista Esha, nikamjibu. Kuna taa,
pamba, na chupa ya siki.
Zamani tuliandika "tumbo", tukafunga daftari.
Siku hizi tunaandika ugonjwa wenyewe,
na wengine, geuza ukurasa uone,
wameruhusiwa nyumbani.

Dada yangu Somoe yumo katika lile "tumbo",
mstari wa kumi na saba.
Sijamsahihisha.

Leo wamechanja mabinti wa shule.
Wametoka wameshika mabega, wanamcheka aliyelia.
Nami nimepiga mistari kurasa za miaka ijayo,
kwa rula, polepole,
nikimwombea karani atakayenirithi
akae bure mezani,
asinzie.