Itarudishwa

Waraka umefika: ukoo wao umefutwa.
Hawaitwi tena kwa jina walilokuja nalo.
Damu yao imesomwa, wameonekana ndugu wa enkuzanyana,
yule wa msituni kwetu, mwenye tunda jekundu.
Kwa hiyo leo, mimi na Atukwase,
tunawahamisha kabati.

Ni hatua kumi na moja, toka dirishani hadi ukutani.
Makerere imenyeshewa tangu alfajiri, umeme umekatika,
nabeba majalada kifuani
kama mtu anayehamisha watoto waliolala.
Tisa tu. Hakuna hata mmoja aliyeota Uganda.
Walikuja kwa posta, kwa kubadilishana:
sisi tuliwapa matawi ya mvule,
wao wakatupa hivi viganja vya vidole saba
vilivyobanwa kwenye karatasi,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Atukwase anauliza wananukaje wakiwa hai.
Sijui.
Miaka ishirini na miwili nawabandika,
nawashonea vikonyo kwa uzi, nawafukuzia mende,
na maua yao nayajua kwa maandishi tu:
meupe, doa la njano, likizeeka hugeuka jekundu.
Aliyeandika hivyo alisimama chini ya mti, mwezi wa Mei, shingo juu.
Mimi nimeinama, kibanio mkononi.

Jalada la sita lina bahasha ya mbegu.
Tupu.
Kwenye mkunjo, kwa penseli, mwandiko umelalia kushoto:
Mbegu moja imechukuliwa. Itarudishwa.
Ssebuguzi, Aprili 1979.

Nilimkuta hapa akikaribia kustaafu,
mtu wa koti moja na maneno ya kuhesabu.
Nilimwuliza mara moja tu.
Akasema mizinga ilikuwa inasogea, vioo vinalia,
zamu ni yake peke yake, akahitaji kitu cha kushika.
Bunduki hana. Rozari kampa mkewe.
"Ilikuwa nyororo," akasema, "ikaenea kiganjani."
Akarudi kwenye gundi yake.

Juzi, wiki ya tatu baada ya mazishi,
binti yake Nakitto kaja kutoka Mukono,
viatu vimejaa tope, leso imefungwa fundo:
"Baba alisema hiki ni cha serikali."

Mbegu.
Imeng'aa kama mpini wa jembe la bibi,
doa lake jeupe limekuwa kahawia
mahali dole gumba lilipokuwa likipita, na kupita,
kwenye foleni ya sukari, kwenye vizuizi vya barabarani,
wodini Mulago, mwishoni.
Haitaota. Hata ikipandwa kwao, haitaota.

Atukwase ameshika lebo mpya, anasubiri.
Sheria inataka mahali, kimo, tarehe, mkusanyaji.
"Tuandike wapi?" ananiuliza.
"Kule ilikookotwa, au mfukoni?"

Simjibu. Naitia mbegu kwenye bahasha,
bahasha inavimba, jalada halifungi sawasawa,
litawasumbua wenzake wa juu na wa chini
maadamu kabati limesimama.
Nachonga penseli.
Chini ya mwandiko wake naandika neno moja,
Imerudishwa,
wangu umelalia kulia.

Kisha nalibeba la sita, nimelishika kwa mikono miwili,
kwa ndugu wasiowahi kuonana naye.
Mvua haijakatika.
Bado matatu.