Hesabu ya Kutoa

Januari, Kansas magharibi. Pampu za mahindi zimezimwa,
ndiyo maana tunapima sasa: maji yametulia chini
kama mtu aliyeachwa apumue.
Delbert Unruh anaendesha kwa vidole viwili,
redio inasoma bei ya ng'ombe,
na mimi, mwaka wa tatu, mgeni wa miamba na wa baridi,
nimepakata utepe wa chuma kama mtoto wa jirani.

Kazi yenyewe si ya kusimulia harusini.
Unaupaka utepe chaki ya buluu, ile ya maseremala,
unaushusha kwenye tundu la kisima,
futi mia, mia na ishirini,
unasikiliza
mpaka mkono uambiwe.
Kisha unauvuta, vidole si vyako tena,
unatafuta pale buluu hafifu ilipogeuka buluu ya kuiva.
Hapo ndipo maji yalipogusa.
Unatoa namba ndogo kwenye kubwa.
Basi. Kwa hilo nilipanda ndege tatu.

Kisima cha kumi na saba ni cha Bibi LaVonne Koehn.
Ametoka na koti la marehemu mumewe
na mbwa kiziwi anayebweka upande usio na mtu.
"Kahawa kwanza," anasema. Delbert anabaki garini na simu.
Nikicheka, ananitazama mdomo.
"Ulianza sigara mapema, kijana?"
Hapana, mama. Ni maji ya Ngarenanyuki,
yana floraidi ya mlima. Tuliyanywa tukiota meno,
yakatuandika kahawia, darasa zima.
Kwenye picha ya shule tumefumba midomo
kama watu wenye siri moja.

Ananyamaza. Anaweka kijiko.
"Njoo uone sisi yametuandikaje."

Mlango wa stoo ya jikoni.
Kushoto, kwa penseli, watoto wanapanda:
Rhonda, Curtis, Dale,
na mdogo aliyeishia alama ya tatu.
Sikuuliza.
Kulia, kuanzia juu, maji yanashuka.
1961, futi sitini na mbili.
1974, themanini na tisa.
1990. 2008. Hapo mwandiko unabadilika, unakuwa wake.
Mahali fulani katikati ya ubao,
mwaka ambao hakuna aliyeutia alama,
watoto na maji walipishana
bila kusalimiana.

Kanuni ya ofisi naijua: matokeo huja kwa barua.
Usikisie. Usifariji. Usiseme imebaki miaka mingapi.
Lakini ananipa penseli, imefungwa uzi kwenye msumari.
"Toa," anasema.

Kwao neno hilo ni la hesabu tu.
Kwetu mwalimu alilitumia ubaoni
na mama akalitumia jikoni, bakuli likienda kwa jirani:
toa, mwanangu.
Kisima hiki kimetoa miaka sitini na ushei.
Kimetoa mahindi, nyama, ada ya Rhonda chuoni,
kimetoa mpaka wapokeaji wakasahau
kwamba kuna anayetoa.
Mvua ya mwaka mzima hurudisha unene wa ukucha.

Naandika: mia moja arobaini na tatu, nukta sita.
Nimelazimika kupiga goti,
nafasi iliyobaki iko karibu na sakafu.

Maji ya bomba yanamfikia, ya mradi wa wilaya,
kutoka maili thelathini, yana harufu ya bwawa la kuogelea.
Anaoshea vyombo.
Kahawa bado anachemshia ya kisima,
nitrati au bila nitrati,
na mimi ninayejua nitrati ni nini
nimemaliza kikombe.

Garini Delbert anauliza ngapi. Namwambia.
Anapunguza redio, haongezi neno.
Chini ya mwandiko wangu kuna nafasi ya mistari minne,
labda mitano,
mwandishi akibana herufi.
Kisima cha kumi na nane kiko mbele, maili sita.
Nafungua chaki.