Kimo, Hakimo

Bwana Oldershaw alileta udongo ndani ya kopo la biskuti,
mweusi, mzito, bado una joto la kiti cha gari.
"Maharagwe yangu yamejikunja kama ngumi za kichanga,
na dawa ya magugu sijanyunyiza hata tone.
Nilinunua samadi tu. Ya farasi."
Akavua kofia. Nje, Spalding yote ilikuwa mvua na mitaro.

Nikauanika siku mbili, nikauchekecha
kama mama alivyochekecha unga, mgongo ukiuma, bila kusema.
Gramu kumi, si tisa na nusu:
mizani ile husikia hata pumzi.
Nikamimina methanoli, nikatikisa saa nzima,
nikauzungusha mpaka tope likaketi
na juu kukabaki kimiminika
cha rangi ya chai ya majani yaliyorudiwa.

Kando nikaweka chupa mbili za ushahidi,
moja ya udongo usio na deni,
moja niliyoitia sumu mwenyewe, kwa kipimo ninachokijua,
maana hata mashine huulizwa kwanza
lile ambalo jibu lake unalo.

Majuma matatu ya foleni. Kisha usiku mmoja
ikavuta, ikatenga, ikapima uzito wa vipande vya molekuli.
Asubuhi, kwenye karatasi: chupa ya sumu, mlima.
Udongo wa mzee, kituta tu,
hakikuinuka juu ya kelele za mashine.
"Chini ya kiwango," alisema Gethin. "Andika: haikugunduliwa."

Nikaandika. Ndiyo kanuni.
Sikuandika: haimo.

Sababu dirishani, nyuma ya sanduku la glavu,
tangu siku ile ya kopo nilipanda mbegu sita
katika udongo wake uliobaki,
na sita katika ule usio na deni.
Hizi zimefungua viganja.
Zile zimefumba.

Kitendawili.
Tega.
Hakina rangi, hakina harufu,
mashine ya mamilioni imekipita njiani bila salamu,
haragwe la senti limekijua.

Nilimpigia simu.
Akanyamaza, nikasikia mbwa wake, na birika.
"Sasa nimwamini nani?"
Nami sikuwa na jibu la kwenye fomu.
"Lete samadi yenyewe," nikamwambia,
"na safari hii, kopo ulijaze."