Kopo Lililobonyea

Mizunguko ilikuwa iwe thelathini.
Ndivyo bango lilivyosema pale stendi ya Nachingwea,
kwa rangi iliyochuruzika kabla ya kukauka:
THELATHINI, na zawadi bomba la kupulizia salfa,
jipya, bado limo ndani ya boksi.

Halafu mvua ikala daraja huko njia ya Somanga.
Malori ya mafuta yakalala ng'ambo siku kumi na moja,
na vituoni wakazifunga pampu kwa kamba
kama mbuzi waliokauka maziwa.

Kamati ikakaa nyuma ya duka la Bi Namkoma,
ikahesabu madumu, ikahesabu tena:
lita themanini na moja, magari tisa.
Basi, mizunguko kumi na miwili.
"Asiyetaka," alisema katibu, "akashindane na punda."

Mimi nikapewa kopo.

Kopo la lita moja, la marehemu mama, la kupimia mafuta ya taa,
lenye kibonyeo ubavuni tangu lilipomponyoka kizingitini.
Mtaa mzima unakijua kibonyeo kile.
Hakuna aliyewahi kuuliza kinameza kiasi gani.

Tulikimbizia kwenye uwanja wa ndege wa zamani,
walikochonga wageni waliokuja kulima karanga,
wakaondoka na hasara yao,
wakatuachia mstari mmoja ulionyooka.

Taulo likashuka. Tisa zikanguruma.
Vumbi likasimama kama ukuta wa tofali mbichi
na sisi tuliokuwa juu ya tipa tukawa tunayajua magari kwa kikohozi.

Wa nne: Chinguile akapasua tairi, akabiringika, akatokea dirishani
anacheka, na kandambili moja.
Wa saba: Landrova na Korola zikakumbatiana,
madereva wakaendelea na ugomvi kwa miguu.
Wa kumi: Anzuruni Mchopa, Pijo lake limeshonwa milango kwa waya,
anaongoza kwa nusu uwanja,
na wadogo zake tayari wanagombania nani atabeba boksi.

Nyuma yake, mbali, Datsun ya Somoe Nangomwa.
Somoe ni fundi cherehani. Mguu wake unajua kunong'ona na pedeli.
Kila kona aliilegeza kama anayepinda ukosi wa shati la bwana harusi.

Wa kumi na mbili. Kona ya mwisho.
Pijo likakohoa.
Likakohoa tena, likanyamaza,
na kimya chake tulikisikia kuliko ngurumo zote za mchana ule.
Anzuruni anajitikisa kitini mbele-nyuma, mbele-nyuma,
anaubembeleza usukani, anautukana,
hatua thelathini tu kutoka kwenye chokaa.

Somoe akampita kwa mwendo wa baiskeli.
Akavuka. Naye akazimikiwa palepale.

Walipomkabidhi bomba alilifungua mbele ya watu,
akachungulia kitangi chake, kikavu.
"Na hili nalo linakunywa petroli?"
Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka vizuri.

Kila kopo nililiacha pungufu kidole kimoja, juu ya kile kibonyeo.
Vidole themanini na kimoja.
Viliingia kwenye dumu dogo, chini ya magunia ya korosho.
Sikuwa na mgonjwa. Sikuwa na msiba.
Nilitaka kwenda Ruangwa Jumapili kwa pikipiki yangu, kutembea tu.
Niliwapunja wote sawasawa;
ndiyo haki pekee niliyoitenda siku ile.

Saa mbili usiku hodi. Anzuruni, na dumu tupu.
Gari liko uwanjani, watoto wameanza kufungua nati.
Je, sina japo tone, hata la kuazima?

Nikatoa dumu langu. Nikampimia kwa kopo lilelile,
nikajaza mpaka likafurika na kunilowesha kiganja.
Nikamimina lote, la mwisho nikalikung'uta.
Akanishika bega kwa mkono wenye grisi:
"Ndugu yangu, Mungu akuzidishie."

Baadaye nikalisikia Pijo likiwaka gizani.
Likapita nje ya dirisha langu,
likapiga honi mara mbili
kunishukuru.