Lumbesa

Mimi ndiye ninayepima mahindi Kibaigwa.
Miaka kumi na tisa kando ya mizani ya soko:
nafuta vumbi, naungoja mshale utulie kwenye sifuri
kabla gunia halijapanda.
Wa Mlali wananijua, wa Kiteto wananijua,
Chilongani haongezi, Chilongani hapunguzi.
Gunia likija na kichwa, limeshonewa kofia ya kamba,
nasema hii lumbesa, shusha, fungua, punguza.
Nimetukanwa kwa hilo.
Dalali mwenye Fuso mbili aliwahi kuniuliza
kama nina watoto.

Basi nyuma ya kauntabuku ya soko,
kurasa za mwisho ambazo mhasibu hafiki,
mwezi wa sita nilianza kupima kitu kingine.
Nilichora kwa rula. Tarehe. Kiasi. Saa.
Safu ya nne niliiacha haina jina.

Jumatatu, ujimbi, kopo moja, kwa Mama Mbeleje.
Jumanne, hakuna (homa).
Jumatano, bia mbili.
Jumapili nikajumlisha, nikapiga mstari chini,
nikajiona mtu mwenye hesabu zake.

Lakini kopo la Mama Mbeleje lilikuwa la rangi ya nyumba,
na akikupenda hulijaza mpaka povu linavaa kofia,
kisha anakuongezea ya kuonja,
na ya kuonja haiandikwi.
Wala ya kuagana.
Wala ile aliyolipa dalali, yuleyule,
maana sikuinunua mimi,
na kisichonunuliwa hakina risiti.

Yusta hakusema kitu. Yusta si msemaji.
Mwezi wa nane, upepo ukipekua mabati,
nilikuwa natafuta kiberiti nyuma ya mtungi
nikakuta mkebe wa siagi, mzito kidogo.
Ndani punje za mahindi. Nyeupe, na chache za njano.
Za mbegu? nikamuuliza kitinda mimba wetu.
Semeni akasema, za kwako, baba.
Nyeupe ni ukirudi kwa miguu yako.
Njano ni ukiletwa.

Nilizimwaga kwenye ungo, nikahesabu mara mbili
kama ninavyohesabu mzigo wa mtu nisiyemwamini.
Kauntabuku yangu: siku kumi na nane.
Mkebe: thelathini na tisa.
Njano saba.
Nikajua safu ya nne ilikuwa ya nini.

Alfajiri nilikwenda nao sokoni, kabla ya wachukuzi.
Nikaufuta vumbi, nikauweka juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Mashine ile imezoea kilo mia,
haina habari na punje.
Nikasimama pale na mkebe wangu
mpaka mlinzi akakohoa.

Jana niliandika hivi:
kopo moja, lina kichwa, hesabu moja na nusu.
Ya kuonja, robo.
Ya kuagana nilikataa, kisha nikaikubali. Robo.
Kalamu ilikuwa nzito kuliko debe.

Nikarudi. Yusta alikuwa mlangoni, ngumi imefumbwa.
Nikamshika mkono kabla hajaingia jikoni,
nikamwomba anionyeshe ni ipi.
Hakuufumbua.
Aliitazama miguu yangu muda mrefu,
kama mtu anayengoja mshale utulie.